Je, dawa yangu ya kifafa imeharibu jeni zangu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mafinga, nina miaka 27. Nilianza kuanguka kifafa nikiwa kidato cha pili. Kabla ya hapo nilikuwa nashtuka mikono asubuhi, hata kikombe cha chai kinanidondoka. Tangu nimewekwa kwenye Epilim, miligramu 500 asubuhi na 500 jioni, huu ni mwaka wa nne sijaanguka. Natarajia kuolewa mwakani. Nesi wa kliniki aliniambia nisibebe mimba nikiwa kwenye dawa hii, nisirudi nyumbani bila kuonana na daktari. Daktari hakuwepo. Kaka yangu anasoma chuo Mbeya, akatafuta mtandaoni, akaniambia dawa yangu inazuia vimeng'enya vya histoni na inabadilisha jeni. Usiku wa tatu huu silali. Je, jeni zangu zimeshaharibika? Niache dawa leo? Na kama ni mbaya hivyo, mbona kaka amesoma pia kwamba dawa za jamii hiyo wanapewa wagonjwa wa saratani?

Jibu:

Kamwene, Mwalimu.

Naanza na lile lisiloweza kusubiri: usiache dawa leo. Wala usipunguze kidonge kimoja kwa uamuzi wako mwenyewe. Ubongo uliozoea valproeti, ndiyo dawa iliyomo ndani ya Epilim, ukinyang'anywa ghafla unaweza kuingia kwenye degedege linalofuatana bila mtu kuzinduka katikati. Likipita dakika 5 hiyo ni dharura, na watu hufa kwayo. Hatari ya mimba unayoiogopa ni ya mwakani, nayo ina nafasi ya kupangiwa. Hatari ya kukata dawa ni ya wiki hii.

La pili, lala. Umeniambia usiku wa tatu hujapata usingizi. Kwa dalili ulizoeleza, mikono kushtuka asubuhi na kuanguka kulikoanza ukiwa kidato cha pili, kuna aina moja ya kifafa ninayoifikiria kabla ya nyingine zote, kifafa cha mishtuko kinachoanza ujanani, nayo huchokozwa na kukosa usingizi kuliko kitu kingine chochote. Madaftari ya darasa la saba yanaweza kusubiri hadi asubuhi.

Sasa nije kwenye hofu yenyewe. Jeni zako hazijaharibika. Kaka yako amesoma kitu cha kweli, ila maneno "inabadilisha jeni" yanabeba mambo mawili tofauti, na ni moja tu kati ya hayo linalotokea mwilini mwako.

Kila seli yako ina vinasaba (DNA), nyuzi ndefu zilizobeba jeni, ambavyo vikinyooshwa vinafika kama mita 2. Vimeingiaje ndani ya kiini cha seli ambacho hata jicho halikioni? Vimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye rili. Histoni 8 hukaa pamoja, na kipande cha vinasaba chenye jozi 147 hivi za besi, zile herufi za kemikali ambazo jeni huandikwa kwazo, huzizunguka zaidi ya mara moja na nusu, kisha kinaendelea hadi kwenye kundi jingine la histoni, na jingine, mamilioni kwa mamilioni. Jeni iliyobanwa humo haisomeki. Ili seli ya ini ifanye kazi ya ini na seli ya ubongo ifanye kazi ya ubongo, lazima baadhi ya sehemu zilegee na nyingine zibaki zimebana, ingawa vinasaba vyenyewe ni vile vile katika seli zote mbili.

Kinacholegeza ni jambo dogo la kushangaza. Kila histoni ina mkia mwembamba unaotokeza nje. Kwenye mkia huo kuna asidi amino inayoitwa laisini, yenye chaji chanya, wakati vinasaba vina chaji hasi, kwa hiyo vinashikana. Kuna vimeng'enya ambavyo hubandika kikundi kidogo cha kemikali, asetili, juu ya hiyo laisini. Chaji chanya inafutika, mshiko unalegea, na protini zinazonakili jeni zinapata pa kupitia. Tena asetili yenyewe huwa alama, zipo protini zinazoitambua na kuja hapo kuanzisha kazi. Vimeng'enya vingine huja baadaye kuiondoa asetili, na sehemu ile inabana tena. Hivyo vya kuondoa ndivyo vinavyoitwa diasetilesi za histoni, na katika maandishi ya kitaalamu utaviona vimefupishwa HDAC.

Vincent Allfrey na wenzake wa New York walipendekeza mwaka 1964 kwamba asetili kwenye histoni inahusika na usomaji wa jeni. Kwa miaka zaidi ya 30 wengi hawakulipa wazo hilo uzito wake. Mwaka 1996 ndipo mambo yalipofunguka: maabara ya David Allis ilionyesha kimeng'enya cha kubandika asetili, na maabara ya Stuart Schreiber ikakipata cha kuiondoa. Hicho cha kuondoa kilinaswa kwa kutumia kizuizi chake, kemikali iliyokishika kikashindwa kuponyoka. Kabla ya vizuizi hivi, hakuna aliyekuwa na njia rahisi ya kusimamisha upande mmoja wa kazi hii na kuangalia kinachotokea.

Binadamu ana HDAC 11 zinazotumia madini ya zinki. Ukiitazama moja kwa karibu utaona ina tundu jembamba, na mwisho wa tundu imekaa atomu moja ya zinki. Laisini yenye asetili inaingia humo kama kidole, zinki inasaidia kuikata asetili, laisini inatoka ikiwa tupu. Kizuizi huingia kwenye tundu hilo hilo na kuishika zinki. Kikishakaa hapo, asetili hazitolewi tena, wakati wenzao wa kubandika wanaendelea na kazi. Asetili zinarundikana. Jeni ambazo zilipaswa kunyamaza zinaanza kusomwa, na nyingine, kwa njia za mzunguko, zinanyamaza.

Valproeti ni mojawapo ya vizuizi hivyo. Ni dhaifu. Katika vipimo vya maabara, inahitajika kwa kiwango kikubwa maelfu ya mara kuliko dawa za saratani za jamii hiyo. Lakini dawa za kifafa hunywewa kwa wingi: kiwango tunachotaka kukiona kwenye damu ya mgonjwa ni miligramu 50 hadi 100 kwa lita, na hicho kinatosha kuzifikia HDAC. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba habari hii ni ya maabara tu na haikuhusu. Inakuhusu.

Ila tazama kinachobadilika na kisichobadilika. Mpangilio wa besi kwenye vinasaba vyako, ule uliorithi kwa baba na mama na utakaomrithisha mwanao, haukuguswa. Kilichobadilika ni asetili kwenye mikia ya histoni, nazo hubandikwa na kuondolewa kila saa hata kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge. Dawa ikitoka, HDAC zinarudi kazini. Valproeti hupungua nusu kwenye damu ya mtu mzima kila baada ya saa 9 hadi 16 hivi, kwa hiyo siku chache baada ya kidonge cha mwisho inakuwa imekwisha. Asetili zilizorundikana huondolewa ndani ya saa, si miaka. Mwanamke aliyehamishwa kutoka valproeti kwa utaratibu mzuri, kisha akabeba mimba, habebi mzigo wa miaka aliyoitumia. Hatari tunayoijua inatokana na dawa kuwepo mwilini wakati mtoto anaumbwa.

Basi mbona kitu kinachorudi hali yake kinaleta kilema cha kudumu? Nadhani hapa ndipo kaka yako alipokwama, na ndipo penye kiini cha jibu langu lote.

Seli zako za mtu mzima zimeshachagua kazi. Seli ya ini ikisumbuliwa asetili zake kwa miezi, bado ni seli ya ini, ikiachwa inajipanga upya. Kiinitete hakina nafasi hiyo. Ndani ya wiki chache seli zake zinapaswa kuamua moja baada ya nyingine nani awe ngozi, nani awe moyo, nani awe uti wa mgongo, na kila uamuzi unafanyika kwa jeni fulani kufunguliwa kwa muda maalumu kisha kufungwa. Mrija wa neva, ambao ndio utakuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipojifunga siku hizo, hakuna siku nyingine. Asetili zitarudi mahali pake wiki inayofuata, na mgongo utabaki wazi. Hesabu mwenyewe: siku ya 28 tangu kutungwa, mwanamke amechelewa siku zake kwa wiki mbili tu, wengi hata hawajapima.

Ushahidi kwamba ni HDAC hasa zinazohusika ulianza kukusanyika mwaka 2001, makundi mawili ya watafiti yalipogundua, karibu wakati mmoja, kwamba valproeti ni kizuizi chake. Moja ya makundi hayo lilitazama pia ndugu wa karibu wa valproeti, valpromidi. Inatuliza degedege, lakini haizuii HDAC, na kwa wanyama wa maabara haileti vilema vile. Hilo lilidokeza kwamba kinachotuliza ubongo wako na kinachomdhuru mtoto vinaweza kuwa ni kazi mbili tofauti za molekuli moja. Kwa binadamu njia hiyo haikutusaidia, maana mwili wetu huigeuza valpromidi kuwa valproeti. Lakini ilituonyesha pa kutazama.

Na hii ndiyo sehemu inayoniumiza katika historia ya dawa hii. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1882, na kwa muda mrefu ilitumiwa maabara kuyeyushia kemikali nyingine tu. Mwaka 1962 Pierre Eymard, Mfaransa, akiwa anaitumia hivyo, aligundua kwamba kila alichoyeyusha ndani yake kilizuia degedege, mpaka ikaeleweka kwamba mzuiaji ni kiyeyushi chenyewe. Ufaransa ikaiidhinisha mwaka 1967. Mwaka 1982 daktari Elisabeth Robert wa Lyon akaonyesha kwamba watoto wenye mgongo wazi walikuwa wamezidi miongoni mwa mama waliotumia valproeti. Tangu mwaka huo ishara ilikuwa mezani. Hata hivyo wanawake wengi, Ulaya kwenyewe, waliendelea kuandikiwa bila kuambiwa, na masharti makali hayakuwekwa huko hadi 2018. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko lake mwezi Mei 2023: valproeti isiandikwe kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Nesi wako alikuambia ukweli. Ukimwona tena mshukuru.

Nikupe takwimu, maana wewe ni mwalimu na hofu isiyo na kipimo ni mbaya kuliko namba. Katika mimba za kawaida, watoto 2 hadi 3 kati ya 100 huzaliwa na kilema kikubwa cha mwili. Kwa mama anayetumia valproeti ni kama 10 kati ya 100, na inapanda na dozi. Rejesta ya kimataifa ya mimba za wenye kifafa, katika taarifa yake ya 2018, ilipata asilimia 6 hivi kwa waliotumia miligramu 650 au chini yake kwa siku, asilimia 11 kwa dozi za kati kama yako, na asilimia 25 kwa waliozidi miligramu 1450. Mgongo wazi ni mojawapo, pamoja na matatizo ya moyo na mdomo sungura. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi halionekani siku ya kuzaliwa: watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa kuongea, kutembea au kujifunza, na usonji huongezeka. Utafiti mmoja wa Marekani na Uingereza uliowafuatilia watoto hadi miaka 6 uliona alama za akili zikiwa chini kwa pointi 8 hadi 11 kuliko za watoto ambao mama zao walitumia dawa nyingine za kifafa. Wewe unakaa darasani na watoto kila siku, unajua tofauti hiyo ina maana gani.

Asidi ya foliki haiondoi hatari hii. Nalisema kwa sababu wapo wanaoambiwa "kunywa foliki tu, uendelee". Inywe, ni muhimu kwa kila mwanamke anayetarajia mimba, na ianze kabla ya mimba kutungwa, siyo siku ya kliniki ya kwanza. Unga unaosagwa mashine za mtaani kwetu, Mafinga na Mbeya vile vile, kwa kawaida haujaongezwa foliki kama ule wa viwanda vikubwa, kwa hiyo usitegemee ugali. Kwa mwenye dawa za kifafa daktari mara nyingi huandika dozi kubwa, miligramu 4 au 5, badala ya ile ya kawaida ya 0.4. Lakini ulinzi wake kwa anayetumia valproeti ni mdogo mno kuutegemea.

Kinachofanyika ni kubadilisha dawa, mapema, ukiwa bado hujabeba. Na hapa dalili zako za asubuhi zinarudi kuwa muhimu, kwa sababu mbili.

Kwanza, zinaonyesha kwamba dawa haiwezi kubadilishwa kwa kubahatisha. Kusini huku kifafa kingi kinaletwa na viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vinapofika kwenye ubongo. (Na nisahihishe jambo kwa wasomaji wengine: nyama ya nguruwe isiyoiva inakupa tegu tumboni. Kinachopeleka viluwiluwi kwenye ubongo ni mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga, hivyo hata asiyegusa kitimoto anaweza kupata.) Kifafa cha namna hiyo mara nyingi kinakubali kabamazepini. Chako, kama nilivyokihisi, ni cha aina nyingine, na kabamazepini inaweza kukizidishia ile mishtuko ya mikono. Kwa hiyo mtu akikupa kabamazepini kwa sababu tu ndiyo iliyopo kwenye rafu, mweleze habari ya kikombe cha chai. Wagonjwa wengi hawaitaji kabisa mishtuko hiyo, wanaona ni baridi ya asubuhi au woga, na daktari hawezi kuiona kwa macho kwa sababu ukifika kwake saa nne imeshaisha.

Pili, aina hiyo kwa kawaida haiishi yenyewe. Kutoanguka miaka minne hakumaanishi umepona na unaweza kuishi bila dawa yoyote. Inamaanisha dawa inafanya kazi.

Dawa ambayo ningetaka ujadili kwanza na daktari ni levetirasetamu. Inafaa mishtuko ya namna yako, na katika rejesta ile ile vilema vilikuwa asilimia 3 hivi, karibu sawa na mimba ya kawaida. Baadhi ya watu huwafanya wawe na hasira za haraka au huzuni, mwambie mchumba wako na mwalimu mwenzako mmoja wakuangalie miezi ya mwanzo. Ya pili ni lamotrijini, nayo iko karibu asilimia 3, ila inaweza kuongeza mishtuko kwa wengine, na inapandishwa polepole mno kwa sababu ya vipele hatari vya ngozi. Ukiwa bado uko kwenye valproeti lamotrijini hukaa mwilini muda mrefu maradufu, hivyo dozi ya kuanzia lazima iwe ndogo zaidi. Hilo ni kosa linaloua na linaepukika kabisa. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyo katika zahanati nyingi, ina vilema vya asilimia 6 hadi 7. Ni nafuu kuliko valproeti kwa hatari ya mimba, lakini isiwe chaguo la kwanza kwa mtu mwenye nafasi ya kuchagua.

Utaratibu huwa hivi: dawa mpya inaongezwa juu ya ile ya zamani, inapandishwa kwa wiki kadhaa mpaka ifike dozi kamili, ndipo valproeti inaanza kushushwa kidogo kidogo. Baada ya hapo unakaa bila kubeba mimba, mnaona kama mishtuko au kuanguka kunarudi. Mwanamke aliyekaa miezi 9 hadi 12 bila kuanguka kabla ya mimba ana nafasi kubwa, kati ya asilimia 84 na 92, ya kutoanguka mimba nzima. Unaolewa mwakani. Ukianza mwezi huu, muda unatosha. Ukisubiri hadi harusi ipite, hautoshi.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Iringa na barua kutoka kliniki yako. Wakiona inahitajika daktari bingwa wa mfumo wa fahamu, uliza rufaa ya Kanda Mbeya au Dar es Salaam. Kabla ya kuanza dawa mpya, piga simu duka la dawa uhakikishe inapatikana kila mwezi na kadi yako ya bima inaikubali, maana dawa nzuri inayokatika wiki mbili ni mbaya kuliko dawa ya kawaida isiyokatika.

Wakati huu wote tumia uzazi wa mpango wa uhakika. Valproeti na levetirasetamu hazipunguzii nguvu kijiti wala sindano wala vidonge. Fenobabitoni na kabamazepini zinagombana na kijiti na vidonge, zinavipunguzia nguvu. Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaishusha lamotrijini. Mwambie nesi wa uzazi wa mpango dawa zako zote kwa majina.

Jambo dogo la duka la dawa, lakini kwa Mafinga si dogo: valproeti hunyonya unyevu wa hewa kuliko vidonge vingi. Usivitoe kwenye foili yake ukavijaza kwenye kikopo au bahasha, hasa miezi ya ukungu ya Juni na Julai. Utakuta vimelowana na kunata, na hujui tena unameza kiasi gani. Kitoe kimoja kwenye foili wakati unakimeza. Huu ni wakati ambao hatutaki degedege la bahati mbaya.

Sasa lile la saratani. Kaka yako amesoma sawasawa. Vorinostati iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa saratani fulani ya limfu inayoanzia kwenye ngozi, na mwaka 2009 ikafuata romidepsini, iliyotokana na bakteria wa udongoni huko Japani. Seli ya saratani mara nyingi imezifunga jeni zinazoiamuru ikomae au ife. Kizuizi cha HDAC kinaweza kuzifungua jeni hizo, na seli inayogawanyika ovyo huumia zaidi kuliko seli tulivu. Kwa hiyo hakuna mgongano hapo: nguvu ile ile ya kuvuruga jeni zinazofunguka na kufungwa ndiyo tunayoitaka ndani ya uvimbe na ndiyo tusiyoitaka ndani ya kiinitete. Hata wagonjwa wa saratani wanaotumia dawa hizo hukatazwa kubeba mimba. Na tusizipambe: zinachosha, zinaharisha, zinashusha chembe sahani za damu, na katika uvimbe mgumu wa matiti au mapafu, zikitumika peke yake, matokeo yamekuwa haba.

Huku kwetu, ambako Njombe na Iringa zinaongoza nchi kwa maambukizi ya VVU, niongeze moja. Virusi vinavyojificha ndani ya seli zilizolala, ambavyo ARV haziwezi kuvifikia, navyo vimezungushwa kwenye histoni. Watafiti walijaribu kuviamsha kwa vizuizi hivi ili mwili uvione: valproeti yenyewe mwaka 2005, vorinostati mwaka 2012. Vorinostati iliviamsha kweli, lakini hifadhi ya virusi haikupungua vya kutosha, na hakuna aliyepona. Mtu yeyote akikuuzia "dawa ya kuamsha virusi", anakuibia.

Na ili usione kila kizuizi cha HDAC ni sumu, ujue mwili wako unavipata kila siku. Bakteria wa utumbo mpana wakila nyuzinyuzi za maharage na dona hutoa butireti, asidi ndogo ya mafuta, jamaa wa valproeti kwa kemia, nayo ni kizuizi cha HDAC kilichojulikana tangu miaka ya 1970. Seli za utumbo zinaitumia kama chakula. Inaishia karibu yote pale pale utumboni na kwenye ini, haifiki kwa mtoto kwa kiwango cha dawa. Kiasi, mahali na wakati ndivyo vinavyoamua.

Mchumba wako naye, kama anatumia valproeti kwa kifafa au ugonjwa wa akili, aseme mapema. Januari 2024 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa tahadhari kuhusu wanaume wanaoitumia ndani ya miezi 3 kabla ya mimba kutungwa, kwamba huenda watoto wao wana hatari kidogo zaidi ya matatizo ya ukuaji wa ubongo. Ushahidi huo si mzito kama wa kina mama, lakini unatosha kuulizia.

Mwisho, kwa bahati mbaya ukichelewa siku zako kabla ya kubadilishiwa dawa: pima siku hiyo hiyo. Ikiwa ni mimba, meza kidonge chako cha jioni kama kawaida, na kesho asubuhi uwe hospitali, si wiki ijayo. Daktari ndiye atakayeamua kama dozi ishushwe, igawanywe au ibadilishwe, na kipimo cha utrasaundi kati ya wiki ya 18 na 22 kitamkagua mtoto mgongo na moyo. Wanawake wengi waliofika hapo wakiwa kwenye valproeti wamejifungua watoto wazima. Unapoenda, beba boksi la dawa na daftari lenye tarehe ya hedhi ya mwisho, dozi yako, na asubuhi ambazo mikono ilishtuka.